Siku 305 kwenye karatasi, 433 kwenye vipimo: mhimili wa dunia unasema nini kuhusu kiini chake?

Swali: Nafundisha fizikia na jiografia katika shule ya sekondari kisiwani Lamu. Kitabu kinasema kiini cha nje cha dunia ni majimaji na cha ndani ni kigumu, na kwamba kuyumba kwa mhimili ni mojawapo ya ushahidi. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu wameniuliza, na sikuweza kuwakata kiu: sisi hapa hatuoni kitu kikiyumba, sasa huko kuyumba hupimwaje, na kunaelezaje kilichoko kilomita 3,000 chini ya miguu yetu? Na je, kituo cha anga cha Ngomeni, Malindi, kina mkono katika kazi hiyo?

Jibu: Mwalimu, kuyumba peke yake hakusemi chochote kuhusu kiini. Kitu chochote kinachozunguka huku kimevimba kiunoni kinaweza kuyumba, hata kama ni jiwe tupu kutoka nje hadi ndani. Kinachosema ni tofauti. Unapiga hesabu ya jinsi dunia ya jiwe tupu ingeyumba, unapima inavyoyumba kweli, kisha unamtafuta mwenye kila siku iliyozidi au iliyopungua. Hesabu ya karatasini inatoa siku 305. Vipimo vinatoa takriban 433. Siku hizo 128 zina wenyewe, na kiini ni mmoja wao.

Kabla ya kuzigawa, tutenganishe mienendo mitatu ambayo hata vitabu vizuri huichanganya. Wa kwanza ni presesheni: Jua na Mwezi huuvuta uvimbe wa ikweta, na mhimili wote unageuka angani polepole, duara moja kwa takriban miaka 25,800. Ndiyo maana nyota ya Jaa haikuwa nyota ya kaskazini zama zote. Miaka 2,000 iliyopita ilikuwa kiasi cha digrii 12 kutoka ncha ya anga. (Toka Lamu Jaa haionekani, kwa kuwa mko digrii 2.3 kusini mwa ikweta. Nahodha aelekeaye Arabuni ndiye huipata akishapanda kaskazini.) Wa pili ni nutesheni, mitikisiko midogo juu ya presesheni hiyo hiyo. Mkubwa kuliko yote una kipindi cha miaka 18.6 na James Bradley aliutangaza mwaka 1748.

Wa tatu ni mwendo wa ncha, nao ni kitu kingine kabisa. Hapa mhimili haugeuki angani. Mwili wa dunia ndio unaosogea kuuzunguka mhimili, kwa hiyo mahali mhimili unapotokeza juu ya barafu ya Aktiki panahama mita kadhaa huku na huku. Huu ndio wenye siku 433. Kipimo chake ni sekunde ya tao, yaani digrii moja ikigawanywa mara 3,600. Juu ya ardhi, sekunde moja ya tao ni karibu mita 31.

Nianze na presesheni, kwa sababu hesabu yake inafanyika ubaoni kwa dakika tano. Momenti ya inesha ni kipimo cha ugumu wa kukizungusha kitu, nayo hupanda kadiri uzito unavyokaa mbali na mhimili. Dunia ina momenti mbili za kuzingatia: ile ya kuzunguka mhimili wa ncha, na ile ya kuzunguka mstari unaopita ikweta. Kasi ya presesheni, sekunde 50.3 za tao kwa mwaka, inatupa tofauti ya hizo mbili ikigawanywa kwa ile ya ncha: 0.0032738, yaani karibu 1/305.5. Setilaiti nazo, kwa jinsi uvimbe wa ikweta unavyozivuta na kuzigeuza njia, zinatupa tofauti ile ile ikigawanywa kwa masi ya dunia mara nusukipenyo kipeuo cha pili: 0.0010826. Gawanya ya pili kwa ya kwanza:

0.0010826 ÷ 0.0032738 = 0.3307

Mpira wenye msongamano sawa kila mahali hutoa 0.4 kamili. Dunia imetoa 0.33, kwa hiyo uzito wake mwingi umejikusanya karibu na kitovu. Inaafikiana na jambo ambalo wanafunzi wanalijua: miamba ya juu ina gramu 2.7 hadi 3 kwa sentimita mchemraba, lakini wastani wa dunia nzima ni 5.5. Bila kuchimba hata kisima, tumejua katikati mna kitu kizito mno. Hatujajua kama ni majimaji au kigumu, kwa sababu chuma baridi kingetoa jibu lile lile. Hapo ndipo tunapohitaji siku.

Leonhard Euler alionyesha mwaka 1765 kwamba mpira mgumu uliobonyea, ukiwa hauzunguki sawasawa na mhimili wa umbo lake, utayumba. Kwa dunia kipindi kinatokana na namba ile ile ya juu: siku 305, miezi kumi. Wanafalaki wakatafuta miezi kumi kwa zaidi ya karne, wasione kitu. Walikuwa wakiitafuta namba isiyokuwapo. Friedrich Küstner wa Berlin alipima latitudo ikibadilika kweli miaka ya 1884 na 1885, na mwaka 1891 Seth Chandler wa Marekani, aliyewahi kufanya kazi ya hesabu za bima, akachambua vipimo bila kujifunga na Euler. Akapata siku 427. Wengi hawakumwamini hadi Simon Newcomb alipoeleza kosa lilipo: Euler alichukua dunia ngumu isiyonyumbuka, na dunia haiko hivyo.

Sasa daftari la siku, kwa namba za mviringo.

Anza na 305. Kiini cha nje kikiwa majimaji, hakifuati mwendo wa koti la dunia (tabaka nene la miamba lililo juu yake) katika kuyumba huku kwa polepole. Kinateleza. Koti linabaki na mzigo mdogo wa kuyumbisha, na kwa kuwa kiini kina karibu asilimia 11 ya momenti yote, kipindi kinapungua kufika kama siku 270. Angalia vizuri: kiini cha majimaji kinapunguza siku. Wanafunzi wengi hudhani ndicho kinachoziongeza.

Kinachoongeza ni unyumbufu. Ncha inapohama, nguvu ya mzunguko inalivuta umbo la dunia lifuate, miamba inaitikia kidogo, na sehemu ya uvimbe wa ikweta inakuwa kama haipo katika hesabu ya kurudisha mhimili mahali pake. Hilo peke yake linaongeza zaidi ya siku 120, tunafika kama 397. Bahari nazo huitikia kwa namna ile ile, maji yakihama kufuata mhimili, zikaongeza kama siku 30. Bahari yenu ya Hindi imo humo. Zinabaki siku sita hivi, na mwenyewe ni mnato wa koti: mwamba ukisukumwa kwa miezi mingi hunyumbuka zaidi kidogo kuliko ukitikiswa kwa sekunde na tetemeko. Siku sita hizo zina thamani kubwa, kwani tetemeko haliwezi kutwambia tabia ya mwamba katika kipindi cha miezi 14, na hakuna maabara itakayoushikilia mwamba kwa joto na shinikizo la kilomita 2,000 ikangoja muda huo.

Kwa haki, si Chandler aliyethibitisha kwamba kiini ni majimaji. Richard Oldham alikigundua kiini kwa mawimbi ya matetemeko mwaka 1906. Harold Jeffreys alionyesha mwaka 1926 kwamba lazima kiwe majimaji: dunia nzima hunyumbuka kupita kiasi ambacho ugumu wa koti lake ungeruhusu, kwa hiyo ndani mna sehemu isiyo na ugumu. Inge Lehmann alikipata kiini kigumu cha ndani mwaka 1936. Daftari la siku 433 linakubaliana nao wote. Ushahidi mkali zaidi wa mhimili uko kwenye nutesheni, na kwa huo ningependa uwape wanafunzi jaribio.

Chukua mayai mawili ya ukubwa mmoja. Moja lichemshwe dakika kumi maji yakiwa yanatokota, liachwe lipoe hadi joto la chumba kama mwenzake. Yaweke kwenye sinia isiyo na nakshi, yazungushe kwa nguvu moja. Lililochemshwa linazunguka kwa wepesi. Bichi linazubaa, kwa sababu ganda limeanza kuzunguka na ute haujaanza. Kisha lizungushe bichi kwa sekunde kumi, ulisimamishe kwa kidole muda mfupi mno, uachie. Litaanza kuzunguka tena lenyewe. Likikataa, ama umelishikilia muda mrefu, ama lilichemka nusu.

Jaribio hilo linafundisha kwamba ganda na majimaji yake vinaweza kuwa na mizunguko tofauti. Lakini waambie na mpaka wake. Ute hushikwa na ganda kwa kunata. Chuma cha kiini cha nje ni chepesi kumiminika karibu kama maji, kwa hiyo kunata kwake si kitu. Koti linakishika kiini kwa umbo: mpaka wao, kilomita 2,890 chini, nao umebonyea nchani. Mhimili wa kiini ukiachana na wa koti hata kidogo, majimaji yanausukuma ukuta uliobonyea na ukuta unayasukuma. Kutokana na kusukumana huko unazaliwa mdundo wa asili uitwao nutesheni huru ya kiini, ambao ukitazamwa kutoka angani una kipindi cha siku 430 hivi, ukienda kinyume cha mzunguko wa dunia. Tafadhali, 430 hii na 433 ya Chandler ni sadfa tu. Moja ni mwendo wa mhimili angani, nyingine ni mwendo wa ncha juu ya ardhi.

Mdundo huu wenyewe ni dhaifu, hupandishwa na kushushwa na angahewa bila utaratibu, na mtu akitaka kupima kipindi chake kwa kuutazama moja kwa moja atapoteza muda. Njia ni nyingine. Mwezi na Jua husababisha nutesheni kadhaa zenye vipindi vinavyojulikana kwa usahihi mkubwa, na yoyote iliyo karibu na siku 430 inakuzwa kupita kiasi. Ile ya mwaka, ya siku 365 kwenda kinyume, ndiyo jirani wa karibu. Pima imekuzwa kiasi gani, nawe umejua mdundo wa kiini uko wapi.

Dalili za jambo hili zilikuwa mikononi mwa watu bila wao kujua. Mwaka 1899 vilianzishwa vituo vya latitudo kwenye mstari mmoja wa digrii 39 na dakika 8 kaskazini: Japani, Italia, Asia ya Kati na vitatu Marekani. Hisashi Kimura, wa kituo cha Mizusawa, aliona mabaki ya kila mwaka yasiyoelezeka kwa mwendo wowote wa ncha, na mwaka 1902 akayaongeza kwenye mlinganyo kama herufi z. Vipimo vikatulia, lakini z ni nini? Jibu lilitoka mwaka 1970, pale pale Mizusawa, kwa Yasujiro Wako: nutesheni ya nusu mwaka ilikuwa imepigiwa hesabu kwa dunia ngumu, ikakosea kwa kiasi cha sekunde 0.02 za tao, kwa sababu kiini ni majimaji. Miaka 68 mtu anaandika kiini cha dunia kwenye daftari kwa jina la z.

Leo kipimo ni cha redio. Madishi mawili au zaidi, yaliyoachana kwa maelfu ya kilomita, yanaielekea kwasari moja, mwangaza ulio mbali mno hata hauonekani kuhama. Kila dishi linarekodi mawimbi pamoja na saa ya hidrojeni, rekodi zinapelekwa kwenye kompyuta moja, zinasogezwa hadi zilingane, na kuchelewa kwa wimbi kati ya dishi na dishi kunatoa mwelekeo wa dunia. Vipindi vya saa 24 hufanyika kila wiki. Katika Afrika, Hartebeesthoek ya Afrika Kusini ndiyo hushiriki. Milisekunde moja ya tao ni sentimita 3 juu ya ardhi, na nuru hukata sentimita 3 kwa sehemu 100 za trilioni za sekunde, kwa hiyo hakuna nafasi ya uzembe. Adui mkubwa ni mvuke wa maji: juu ya pwani yenye unyevu kama yenu unaweza kulichelewesha wimbi la wima kwa sawa na sentimita 30 au zaidi, tena unabadilika saa kwa saa. Ndiyo sababu vituo hutazama kwasari nyingi, za juu na za karibu na upeo, ili mvuke ukadiriwe pamoja na mwelekeo.

Mwaka 1986 Carl Gwinn, Thomas Herring na Irwin Shapiro walitumia vipimo hivyo. Nadharia, ikichukulia kwamba mpaka wa kiini umechukua umbo ambalo majimaji yanayozunguka yangelichukua yenyewe, ilitabiri mdundo wa siku 460. Nutesheni ya mwaka ilikuwa imeikosea nadharia kwa milisekunde 2 za tao, na kosa hilo lilifutika kipindi kikishushwa hadi karibu 430. Kipindi kifupi maana yake ukuta umebonyea zaidi. Kiini kina nusukipenyo cha kilomita 3,480. Kwa nadharia, upande wa ikweta ungeuzidi wa ncha kwa karibu kilomita 9. Vipimo vilidai asilimia 5 zaidi, yaani mita 400 na ushei. Kwangu mimi hili ndilo tokeo zuri kuliko yote katika somo hili: umbo la ukuta ulio kilomita 2,890 chini, limekosolewa kwa mita mia nne, kwa kutazama mianga iliyoko mbali mno angani. Sababu ya ziada hiyo ni mwendo wa polepole wa miamba ya koti, inayopanda na kushuka na kuubonyeza mpaka.

Kiini cha ndani kina mdundo wake pia, ila ni hafifu na kipindi chake hakijashikwa kwa uhakika. Modeli ya Mathews, Herring na Buffett ya mwaka 2002 inakiweka karibu siku 1,000. Modeli hiyo hiyo inaonyesha kwamba nutesheni huchelewa kidogo nyuma ya nguvu inayozisababisha, na ucheleweshaji huo unahitaji breki kati ya kiini na koti. Mgombea mkuu ni usumaku unaovuka mpaka.

Ngomeni sasa. Nutesheni haipimwi huko. Kituo kinajulikana zaidi kwa kurusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Lakini Malindi ina kipokezi cha GNSS (setilaiti za kuonyesha mahali, kama GPS), chenye alama MAL2, kilichomo katika mtandao wa dunia nzima, na mtandao huo ndio unaopata mahali pa ncha kila siku kwa usahihi wa milimita chache. Mpaka wake ni kwamba GPS inajua ncha iko wapi juu ya ardhi, ila mhimili unaelekea wapi angani haiwezi kusema peke yake, kwa sababu njia za setilaiti zenyewe huhama na hazina nyota ya kujishikiza.

Na kwa nini hamuoni kitu? Tuseme x ni umbali ambao ncha imesogea kuelekea Greenwich, na y kuelekea digrii 90 magharibi. Latitudo ya Lamu hubadilika kwa x mara kosaini ya longitudo, ukitoa y mara saini yake. Kwa longitudo 40.9 mashariki ni 0.756x − 0.655y. Chukua siku ambayo x ni sekunde 0.20 na y ni 0.35: jibu ni −0.078, yaani mji wote umesogea kusini karibu mita 2.4 kwa kipimo cha nyota. Simu haitaonyesha, kwani ramani zake zimefungwa kwenye ardhi na masahihisho yamekwisha kufanywa. Kuhusu bahari, maji huitikia mwendo wa ncha zaidi katika latitudo ya 45. Karibu na ikweta ni milimita tu, na bamvua yenu ya mita tatu inazimeza. Hata tetemeko la Sumatra la 2004, ambalo mawimbi yake yalifika pwani ya Kenya, lilikokotolewa kuihamisha ncha sentimita 2.5, kiasi ambacho hali ya hewa hukizidi kila wiki.

Wanafunzi wanaweza kuifanya kazi hii wenyewe. Pakua jedwali la C04 la huduma ya kimataifa ya mzunguko wa dunia, IERS. Lina x na y za kila siku tangu 1962. Tumia 1985 hadi 2010. Toa mstari wa wastani kwanza, kwa kuwa ncha imekuwa ikihama polepole na y haizunguki sifuri. Chora x dhidi ya y kwa miaka saba: mtaona mviringo ukipanuka na kusinyaa, kwa sababu mwendo wa siku 433 na ule wa mwaka, unaotokana na majira, hukutana na kuachana kila miaka 6.4. Ondoa wimbi la siku 365.25, kisha jaribu vipindi kimoja kimoja kuanzia 400 hadi 460 mwone kipi kinabakiza makosa madogo.

Makosa matatu huharibu zoezi. Kutumia data ya miaka mitatu, ambayo haitoshi kutenganisha mienendo miwili, mkapata nundu moja karibu na miezi 13. Kusahau kwamba y chanya inaelekea digrii 90 magharibi. Kwa mfano wa Lamu hapo juu ishara ikigeuzwa, mita 2.4 zinakuwa karibu 12. Na kuchukua miaka ya baada ya 2015 peke yake: mwendo wa Chandler ulififia mno kipindi hicho, kama ulivyofanya miaka ya 1920, na mtakachopata ni wimbi la mwaka tu.